Siku ya Kwanza kwa Mtaalamu wa Viungo: Mambo ya Kumweleza Mgonjwa Kabla Hajatoka Nyumbani

Somo kwa kamati za diakonia za sharika na mitaa



Somo la robo hii limetokana na kosa letu wenyewe, hivyo tunaanza kwa kulikiri. Kwa muda mrefu taarifa zetu za mradi zimekuwa zikihesabu watu waliofikishwa kwa mtaalamu wa viungo mara ya kwanza. Awe mgonjwa wa kiharusi, mama mwenye maumivu ya mgongo au mtoto mwenye mtindio wa ubongo, akishasafirishwa hadi hospitali na kadi yake kuandikwa, tulimweka katika orodha ya "waliohudumiwa". Tulipoanza kupita nyumba kwa nyumba Kinyala pamoja na wainjilisti wa mitaa, tuliwakuta wengi wa hao waliohudumiwa wamekaa jikoni kando ya moto kama tulivyowaacha. Walikwenda siku moja, hawakurudi tena. Nayo tiba ya viungo haifanyi kazi kwa siku moja, kama vile shamba la chai lisivyopaliliwa mara moja likatosha. Hesabu tuliyowapelekea wafadhili ilikuwa sahihi, ila haikusema ukweli.

Tuliwauliza sababu. Nauli ilitajwa, na hilo tulilitegemea. Lakini walio wengi walirudia jambo jingine: hawakujua wanakwenda kufanyiwa nini, na walichokikuta kiliwaogopesha au kiliwaaibisha. Mzee mmoja mkulima wa ndizi, aliyepooza upande wa kulia, alitusimulia siku yake. Aliambiwa anakwenda "kukandwa na wataalamu". Kwa kuwa anakwenda mjini, tena ulikuwa mwezi wa saba wenye baridi, mkewe alimvika suti ya kanisani, sweta mbili na fulana ya ndani. Walipofika, kijana mwenye koti jeupe akamwomba avue. Ilichukua karibu nusu saa, na fulana ya mwisho ilikuwa imechanika kwapani. Mzee alituambia kwamba hakusikia tena lolote alilofundishwa siku hiyo, maana mawazo yake yote yalikuwa kwenye ile fulana.

Hakuna aliyemkosea hospitalini. Tuliomkosea ni sisi, tuliomtoa nyumbani bila kumweleza.

Kukanda tunakokujua

Katika nyumba zetu kukanda si jambo geni. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto, mtoto aliyeteguka mguu huchuliwa, na mzee akipatwa na kiharusi watu hutafuta mkandaji kabla hata ya kutafuta gari. Hatuandiki somo hili ili kuwadharau bibi zetu. Mikono yao imewafariji wengi, na mgonjwa anayeguswa kwa upendo hupata nafuu ambayo dawa peke yake haiwezi kuleta. Msamaria katika mfano wa Bwana Yesu alianza na mafuta na kufunga majeraha, akiwa barabarani, kabla ya kumfikisha mtu yule kwenye nyumba ya wageni.

Hata hivyo mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye watu wetu humwita "mtu wa mazoezi", hafanyi kazi ileile ya mkandaji. Kukanda ni sehemu ndogo ya kazi yake, na kwa magonjwa mengine hakandi kabisa. Anasomea mifupa, misuli, mishipa ya fahamu, mapafu na moyo, kisha anamfundisha mgonjwa kutumia tena mwili wake. Huko Moshi, hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Good Samaritan imekuwa ikiwafundisha wataalamu hawa, na kando yake kipo chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi. Kwa hiyo mgonjwa anapokutana na kijana anayeuliza maswali mengi na kukanda kidogo, asidhani amepewa mwanafunzi asiyejua kazi.

Maswali kwanza

Jambo la kwanza ambalo mgonjwa atalikuta ni maneno. Baada ya mapokezi, kadi na malipo (kamati iulize gharama mapema, na kama mgonjwa ana kadi ya bima aichukue pamoja na barua ya rufaa), mtaalamu atamkalisha na kumhoji. Ataka kujua tatizo lilianza lini na lilianzaje, kwa ghafla au polepole. Linazidi asubuhi au jioni. Mgonjwa anafanya kazi gani. Aliwahi kuanguka, kupasuliwa, kuugua kifua kikuu. Ana shinikizo la damu au kisukari. Anatumia dawa zipi. Mwanamke ataulizwa kama ni mjamzito. Wapo wanaoona kuwa maswali haya ni udadisi. Sivyo. Mama anayebeba mikungu ya ndizi kwa kichwa kutoka bondeni na fundi cherehani anayeinama kutwa nzima wanaweza kuumwa mgongo mahali palepale, na tiba zao zikatofautiana.

Dawa zote zibebwe, hata zile za kienyeji. Tumeona wagonjwa wakificha dawa za miti kwa kuogopa kugombezwa. Bora kugombezwa kidogo kuliko kuficha, ingawa mtaalamu mwema hagombezi.

Kuna swali moja ambalo watu wetu hawalitarajii, nalo ndilo tunalolipenda kuliko yote: "Baba, ungependa uweze kufanya nini tena?" Wengi hujibu kwa unyenyekevu, "Nipone tu." Jibu hilo ni la adabu, lakini halimsaidii mtaalamu. Kamati imwandae mgonjwa alifikirie swali hili akiwa nyumbani. Kuchuma chai? Kwenda chooni bila kushikwa? Kumbeba mjukuu? Mzee wetu wa fulana, alipoulizwa mara ya pili, alisema anataka kwenda mwenyewe hadi madhabahuni kupokea Chakula cha Bwana, kwa sababu amechoka kuletewa kwenye benchi. Kutokana na neno hilo mtaalamu alijua apime nini: hatua ngapi, ngazi ngapi, kupiga magoti au kusimama.

Kupimwa

Baada ya maswali hufuata uchunguzi. Mtaalamu atamtazama mgonjwa akiinuka kitini, akitembea, akigeuka. Atapima kiungo kinakunjika kwa kiasi gani, mara nyingine kwa kifaa kama rula yenye mikono miwili. Atamwambia asukume mkono dhidi ya mkono wake ili apate nguvu ya misuli, ambayo huandikwa kwa alama kuanzia 0, pasipo na mjongeo wowote, hadi 5, penye nguvu kamili. Atagonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira. Atamgusa kwa pamba au kitu chenye ncha, mgonjwa akiwa amefumba macho, na kumwuliza anasikia wapi. Yote haya hayana sindano. Tunalisema kwa mkazo kwa sababu wengine hukaa wakisubiri sindano, na isipokuja huhesabu kuwa hawakutibiwa.

Mwili na heshima yake

Kuvua nguo ndipo mahali walipokwama wengi, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Ni kweli mgonjwa ataombwa kuacha wazi sehemu inayotibiwa, kwa kuwa misuli haionekani chini ya sweta. Lakini ni sehemu hiyo tu. Sehemu nyingine zifunikwe kwa shuka au kanga. Mtaalamu anapaswa kueleza kabla ya kugusa, na kuomba ruhusa: "Shikamoo baba. Naomba nikushike bega, nione linavyosogea." Mgonjwa anayo haki ya kujibu "marahaba mwanangu, shika," na anayo haki vilevile ya kusema "hapana, nieleze kwanza." Mwanamke anaweza kuomba ahudumiwe na mwanamke, na endapo hayupo, aingie na dada, binti au mama mkwe wake. Mtoto asiachwe peke yake chumbani na mtu yeyote, hata mtu huyo awe anaheshimika kiasi gani. Sehemu za siri hazihusiki katika kukanda mgongo, bega au mguu. Mtu akigusa huko bila sababu iliyoelezwa na kukubaliwa, mgonjwa atoke, amwambie mwenzake, na habari hiyo ipelekwe kwa uongozi wa hospitali na kwa mchungaji. Kamati isiizime kwa kuogopa kuharibu jina.

Masharti haya si ugeni wala ukali wa siku hizi. Huko Uingereza, miaka ya 1890, tiba ya kukanda ilichafuliwa na nyumba zilizojiita za kukanda huku zikifanya biashara nyingine, hadi jarida la madaktari likatoa onyo. Mwaka 1894 wauguzi wanne wanawake waliungana kuunda chama cha wakandaji waliofunzwa, na miongoni mwa kanuni zao za mwanzo ilikuwa kwamba hakuna kukanda pasipo maelekezo ya daktari, wala kuwauzia wagonjwa dawa. Chama hicho ndicho kilichokua na kuwa chama cha wataalamu wa fiziotherapia wa nchi hiyo. Yaani taaluma hii nchini humo ilianza kwa watu waliokataa aibu. Kanuni ya kutowauzia wagonjwa dawa tungependa ibandikwe mlangoni kwa baadhi ya wakandaji wanaopita vijijini kwetu na chupa zao.

Kwa upande wa maandalizi, ushauri wetu ni mwepesi. Mgonjwa aoge, avae nguo pana zinazovuliwa kwa urahisi, bukta safi chini ya suruali kwa mwanamume, kanga mbili kwa mwanamke, na koti moja zito la juu badala ya sweta tatu. Kama nguo za ndani zimechakaa, mjumbe wa kamati aliye karibu na familia alishughulikie jambo hilo kimyakimya. Bukta moja ya sokoni Tukuyu ina bei ndogo kuliko nauli ya safari iliyopotea.

Mikono, mafuta na maumivu

Ikiwa mtaalamu ataona kukanda kunafaa, mgonjwa atalazwa juu ya kitanda chembamba, kifudifudi au ubavu, kulingana na tatizo. Atapakwa mafuta kidogo ili ngozi isichubuke. Mwenye mzio wa mafuta fulani aseme. Mkono huanza polepole, kisha huzidisha uzito. Panaweza kuuma, hasa pale misuli ilipojikaza, lakini yawe maumivu ambayo mtu anaweza kupumua nayo na kuzungumza. Akianza kubana pumzi na kukunja ngumi, imezidi. Hapa tuna shida ya malezi yetu: tumefundishwa kwamba mtu mzima halii mbele ya daktari, na kwamba dawa kali ndiyo dawa. Katika tiba hii uvumilivu wa namna hiyo unamdanganya mtaalamu. Neno "taratibu, mwanangu" halina utovu wa adabu.

Kesho yake mwili unaweza kuuma kama wa mtu aliyelima baada ya kukaa muda mrefu. Hilo ni la kawaida na huisha kwa siku moja au mbili. Wengine walilichukua kuwa ishara ya kuharibiwa, wakaacha. Lakini maumivu yakizidi siku baada ya siku, au mguu ukiingia ganzi mpya, arudi akaeleze bila kusubiri tarehe.

Mwisho wa siku ya kwanza mgonjwa hupewa mazoezi mawili au matatu ya nyumbani. Yanaonekana madogo mno: kuinua kisigino, kuinuka kitini mara kumi, kunyoosha vidole. Tukubaliane kwamba hayo ndiyo dawa yenyewe. Kukanda hulegeza, mazoezi hujenga. Ndiyo maana tunasisitiza msindikizaji awe mtu anayekaa na mgonjwa nyumbani, aingie chumbani, aone na ajaribu mwenyewe mbele ya mtaalamu. Mara nyingi tumemtuma kijana mwenye bodaboda kwa kuwa ana nafasi, akakaa nje na simu yake, na mazoezi yakabaki hospitalini.

Asiyefaa kukandwa

Sehemu hii kamati ziisome mara mbili.

Mtu ambaye uso umepinda ghafla, mkono umelegea au maneno yanakwama, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Asipitishwe kwa mkandaji njiani, wala asisubiri asubuhi. Kila saa inayopita ubongo unaumia. Kukanda na mazoezi vina nafasi yake baadaye, tena mapema, kwa sababu nguvu hurudi kwa kasi zaidi katika wiki na miezi michache ya mwanzo.

Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu kwenye misuli ya nyuma ya goti kwenda chini, hasa kwa aliyelala kitandani muda mrefu, aliyepasuliwa au aliyejifungua karibuni, usikandwe kamwe. Huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kuibinya ni kuihatarisha isafiri hadi kwenye mapafu. Vivyo hivyo mahali panapodhaniwa pamevunjika, penye kidonda, penye jipu, au mtu mwenye homa kali.

Maumivu mengi ya mgongo si ya hatari, na hupungua kwa wiki kadhaa mtu akiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi. Kulala kitandani siku nyingi huyaongeza. Lakini mwenye mgongo anayeshindwa kukojoa au kujizuia, mwenye ganzi kati ya mapaja, au ambaye miguu yote inaishiwa nguvu, huyo ni wa gari la dharura siku hiyohiyo. Na mwenye kukonda, homa za jioni na jasho la usiku apimwe kifua kikuu, ambacho huweza kukaa kwenye uti wa mgongo.

La mwisho ni maji ya moto. Mama mmoja wa mtaa wetu alimkanda mumewe aliyepooza kila jioni kwa kitambaa na maji aliyoyajaribu kwa mkono wake mwenyewe, mkono uliozoea sufuria. Mume hakulalamika kwa kuwa upande ule hakuwa na hisia. Malengelenge yalionekana asubuhi, na kidonda kilichukua muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Hakuna mtu aliyempenda mzee yule kuliko mkewe. Upande usiosikia, na miguu ya mwenye kisukari, isikandwe kwa moto. Maji ya vuguvugu yanatosha, nayo yajaribiwe kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Pia mkono uliopooza usivutwe wakati wa kumwinua mgonjwa. Bega lake limelegea na hutoka mahali pake kwa urahisi. Ashikwe kiunoni au kwenye bega lenyewe kwa nyuma.

Wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo wanahitaji kuambiwa jambo gumu: kukanda hakutauondoa mtindio. Kunalegeza misuli iliyokaza na kumpa mtoto raha, lakini kinachomsaidia ni kufundishwa kukaa, kushika, kula na kusimama, kidogo kidogo, kwa miaka. Anayewaahidi uponyaji kwa vipindi vichache akichukua kuku na fedha, awe mkandaji au awe mtu wa maombi, anawaibia.

Safari ya pili

Tumebadilisha fomu zetu. Safu ya "waliofika" imebaki, na kando yake tumeongeza safu ya "waliorudi" na nyingine ya "anachoweza kufanya sasa". Tunajua safu hizo zitaonyesha tarakimu ndogo kuliko walizozoea marafiki zetu wanaotusaidia, na mwaka wa kwanza huenda zikawa ndogo sana. Tunawaomba wazisome hivyohivyo.

Kwa kamati, tunapendekeza mambo haya yajadiliwe katika kikao kijacho. Fedha ya nauli itengwe kwa safari tatu tangu mwanzo, si moja. Ikiwa mfuko hautoshi, ni heri kuwapeleka wagonjwa wachache mara tatu kuliko kuwapeleka wengi mara moja. Tarehe ya kurudi iandikwe kwenye daftari la mtaa pamoja na jina la atakayemkumbusha mgonjwa. Na jioni moja kabla ya safari, mjumbe mmoja apite nyumbani, akae na mgonjwa na mwenzake, awaeleze yote tuliyoyaandika hapa kwa lugha ya nyumbani. Si kwa kutangaza kanisani, maana mambo ya mwili wa mtu hayatangazwi.

Mzee wa fulana tulimfanyia hivyo. Mwinjilisti alikwenda, akaeleza, mzee akauliza kama huyo kijana atamvua tena. Akajibiwa kwamba ni bega na mguu tu, na kwamba anaweza kukataa. Akafikiri, akasema, "Ndaga fijo. Mngeniambia hivyo mwanzo." Mkewe alifuatana naye hadi chumbani na kujifunza mazoezi. Hadi tunaandika, anatembea kwa mkongojo kutoka mlango wa kanisa hadi benchi la tatu. Kutoka hapo hadi madhabahuni tumepima pamoja naye: ni hatua kumi na moja, na ngazi moja.